Kulinda Mfanyakazi au Kulinda Kazi: Somo la Nusu Karne

Mwaka 2009, msukosuko wa fedha ulipokuwa umeifikisha General Motors ukingoni, serikali mbili zilijikuta mbele ya swali lile lile. Ya kwanza ilikuwa ya Marekani, nchi ambayo kwa miaka mingi imesifiwa na kulaumiwa kama ngome ya soko huria. Ya pili ilikuwa ya Sweden, nchi inayotajwa haraka kila mtu anapotaka mfano wa dola ya ustawi, yaani dola inayobeba kwa kodi za wote gharama za afya, elimu, malezi ya watoto na uzee. Marekani ilitia karibu dola bilioni 50 ndani ya General Motors na kuchukua takriban asilimia 60 ya hisa za kampuni mpya iliyoundwa baada ya kufilisika. Sweden iliombwa kuinusuru Saab, kampuni tanzu ya General Motors iliyokuwa na kiwanda katika mji wa Trollhättan, ikakataa. Maud Olofsson, waziri aliyehusika, alisema wazi kwamba serikali yake haikukusudia kumiliki viwanda vya magari. Saab ikauzwa, ikayumba, ikafilisika Desemba 2011, na zaidi ya watu 3,000 wakapoteza kazi. Mtu akisimuliwa habari hii bila kutajiwa majina ya nchi, atabashiri kinyume: atadhani iliyookoa kiwanda ni ya dola ya ustawi na iliyokiacha kife ni ya soko huria.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki tuliokulia katika mabishano ya mifumo ya uchumi, habari hiyo inavuruga ramani tuliyopewa. Tulifundishwa kuiona dunia kama mstari mmoja: upande huu soko, upande ule serikali, na kila nchi ikiwa imesimama mahali fulani kati yao. Azimio la Arusha la 1967, lililoielekeza Tanzania kwenye ujamaa, lilisomwa hivyo, na Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 wa Kenya ukasomwa kama jibu lake kabla ya swali. Katikati ya miaka ya 1980, Shirika la Fedha la Kimataifa lilipokuja na masharti yake, ramani ilikuwa ile ile, mshale tu ndio uliogeuzwa. Baada ya kufuatilia kwa muda mrefu yaliyozipata nchi zilizokuwa zikiitwa mashahidi wa pande zote mbili, nimefikia hitimisho kwamba mstari huo unapima kitu kisicho na uzito mkubwa. Swali linalotenganisha nchi zilizofanikiwa katika ajira na kipato na zile zilizokwama ni jingine: nchi inapoamua kumkinga raia dhidi ya misukosuko ya soko, inalinda mtu au inalinda kiti alichokalia? Nchi zinazolinda viti huishia na vijana waliosimama nje ya mlango. Zisizolinda chochote huishia na utajiri mkubwa unaopita juu ya vichwa vya wengi. Zilizofaulu zaidi ni zile zilizoliachia soko liondoe viti vilivyochakaa, huku zikimshika mtu anayeanguka.

Ni haki tuanze na nguvu za Marekani, kwa sababu wapinzani wake huzipunguza bila sababu. Wastani wa kipato anachobaki nacho Mmarekani baada ya kodi na ruzuku ni wa juu kuliko wa karibu nchi zote tajiri. Soko lake la ajira ni jepesi: mwajiri anaajiri haraka kwa kuwa anaweza kupunguza haraka, na ukosefu wa kazi ambao Ulaya hudumu miaka, kule mara nyingi hupungua kwa kasi zaidi. Kampuni mpya huzaliwa kwa wingi, na zile kubwa za teknolojia zinazotumiwa na dunia nzima nyingi zimetokea huko. Tena si kweli kwamba nchi hiyo haina hifadhi ya jamii. Sheria ya pensheni ya 1935 iliyopitishwa wakati wa Franklin Roosevelt na bima za afya za wazee na maskini za 1965 ni mipango mikubwa kwa kipimo chochote. Tofauti yake na Sweden au Denmark iko mahali pengine. Mtu mzima ambaye hajazeeka, mwenye nguvu zake, ambaye kazi yake imekufa, ndiye aliyeachwa ajitegemee.

Kasoro hiyo ina historia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani ilidhibiti mishahara kwa sheria ya 1942, na waajiri waliokuwa wakigombea wafanyakazi wakaanza kutoa bima ya afya badala ya nyongeza ya mshahara. Desturi hiyo ya dharura ikageuka mfumo. Matokeo yake ni kwamba mtu akipoteza kazi hupoteza mshahara na daktari kwa wakati mmoja, na hata baada ya mageuzi ya bima ya afya ya 2010 bado watu wapatao milioni 26 hawakuwa na bima yoyote mwaka 2023. Wachumi Jacobson, LaLonde na Sullivan walifuatilia wafanyakazi wa Pennsylvania waliopunguzwa kazini baada ya kutumikia miaka mingi, wakakuta kwamba miaka kadhaa baadaye kipato chao kilikuwa bado chini kwa takriban robo. Utafiti mwingine wa Sullivan na von Wachter uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba vifo vya wanaume wa aina hiyo vilipanda kwa asilimia 50 hadi 100 katika mwaka uliofuata kupunguzwa kwao. China ilipoingia katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, pigo likawa kubwa zaidi: ajira za viwandani za Marekani zilishuka kutoka milioni 17 hivi mwaka 2000 hadi chini ya milioni 12 mwaka 2010. Nadharia ilisema watu wangehamia kazi nyingine. Mchumi David Autor na wenzake walipokwenda kuangalia mji kwa mji, waligundua kuwa wengi hawakuhama. Walibaki pale pale na mishahara midogo, na wengine wakaingia katika ruzuku ya ulemavu. Soko liliondoa kiti kama linavyotakiwa kufanya, ila hapakuwa na aliyemshika mkaaji.

Sweden nayo haikuzaliwa na hekima. Mwaka 1951 wachumi wawili wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Gösta Rehn na Rudolf Meidner, walipendekeza jambo lililowashangaza wenzao. Walitaka mishahara iwe sawa kwa kazi iliyo sawa katika kampuni zote, hata kama kampuni dhaifu zingeshindwa kuilipa na kufunga, kisha serikali itumie fedha nyingi kuwafundisha na kuwahamisha wafanyakazi waende kwenye kampuni zenye nguvu. Kwa maneno mengine, chama cha wafanyakazi kilikubali viwanda vife. Kwa miaka 20 mfumo huo ulienda sambamba na ukuaji mzuri na ukosefu wa ajira wa chini sana. Lakini bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 1970 na viwanda vya meli vya Japani na Korea vikaanza kushinda, Sweden iliogopa na kuisahau nadharia yake. Ilitaifisha viwanda vyake vya meli na kuvilisha ruzuku. Hata hivyo kiwanda cha Uddevalla kilifungwa 1986, na ujenzi wa meli za kibiashara katika kiwanda cha Kockums mjini Malmö ukafuata njia hiyo hiyo. Mabilioni yalikuwa yamelinda viti kwa miaka kumi tu. Anayejua hayo ataelewa kwa nini Saab iliachwa zaidi ya miaka 20 baadaye, na kwa nini kufa kwake hakukuiangusha serikali. Watu wa Trollhättan waliopoteza kazi walibaki na daktari, watoto wao wakaendelea na shule na chekechea kama kawaida, na mabaraza ya kuwasaidia waliopunguzwa, yanayoendeshwa kwa makubaliano ya waajiri na vyama vya wafanyakazi tangu miaka ya 1970, yakaanza kazi yake.

Denmark ililifikisha wazo hilo mbali zaidi. Mwajiri wa Denmark anaweza kumwachisha mtu kazi kwa urahisi unaokaribia ule wa Marekani, na karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne katika sekta binafsi hubadili kazi kila mwaka. Hakuna kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria. Mishahara hupangwa kwa majadiliano, desturi iliyokita mizizi tangu mapatano ya Septemba 1899 kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi. Aliyepoteza kazi, akiwa mwanachama wa mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira, hulipwa hadi asilimia 90 ya mshahara wake, ingawa kuna kikomo kinachowafanya wenye mishahara mikubwa wapate sehemu ndogo zaidi. Malipo hayo yana ukomo wa miaka 2, ulioshushwa kutoka 4 katika mageuzi ya 2010, na yana masharti: utafute kazi, uhudhurie mafunzo, ukubali kazi inayofaa ikitokea. Serikali hutumia karibu asilimia 2 ya pato la taifa katika mafunzo na huduma za kuwarudisha watu kazini. Marekani hutumia karibu sehemu ya kumi ya asilimia moja. Uchunguzi uliochapishwa 2023, uliolinganisha waliopunguzwa kazini katika nchi 7 za Ulaya, ulikuta kwamba hasara ya kipato ya muda mrefu ilikuwa ndogo kabisa Denmark na Sweden, na mara tatu yake Italia, Hispania na Ureno.

Hizo nchi tatu za mwisho ndizo zinazovunja ile ramani ya zamani. Nazo ni dola za ustawi kwa maana ya kutumia fedha nyingi za umma. Lakini kwa miongo mingi ulinzi wao uliwekwa juu ya ajira ya kudumu: kumwachisha mwenye mkataba wa kudumu kulikuwa ghali na kulihitaji safari ndefu mahakamani. Waajiri wakajikinga kwa kuwapa vijana mikataba ya muda mfupi mfululizo. Nchini Hispania, kabla ya 2008, karibu theluthi ya walioajiriwa walikuwa na mikataba ya namna hiyo. Msukosuko ulipofika, ndio waliotupwa nje kwanza, na mwaka 2013 ukosefu wa ajira ukafika asilimia 26, na miongoni mwa vijana ukapita nusu. Baba aliyekaa kwenye kiti cha chuma aliendelea kumlisha mwanawe mwenye shahada. Mtetezi wa soko huria akiitaja Hispania kama ushahidi kwamba ustawi unaua ajira, amesoma nusu ya habari. Kilichoua ajira ni aina ya ulinzi. Denmark inatoza kodi kubwa zaidi ya Hispania na katika msukosuko huo haikupata balaa la kiasi hicho.

Mwaka 1994 OECD, shirika la nchi tajiri lenye makao yake Paris, lilitoa utafiti mkubwa wa ajira uliosomwa kote kama agizo la kulegeza sheria za kazi na kupunguza mafao. Miaka 12 baadaye, mwaka 2006, shirika hilo hilo lilirudia hesabu na kukiri kwamba njia haikuwa moja. Nchi zinazotegemea soko kwa kodi ndogo na mafao madogo zilikuwa na ajira nyingi; nchi za Nordiki, kama Sweden na Denmark, zenye kodi kubwa, mafao manono na huduma nzito za kuwarudisha watu kazini nazo zilikuwa na ajira nyingi, tena kwa pengo dogo zaidi la kipato. Gharama ya kundi la pili ilikuwa bajeti ya serikali. Gharama ya kundi la kwanza ilikuwa tofauti kubwa kati ya aliyenacho na asiyenacho. Takwimu za wanawake zinaonyesha jinsi ustawi unavyoweza kuzalisha ajira badala ya kuzila. Sweden ilianzisha likizo ya malezi kwa wazazi wote wawili mwaka 1974 na kujenga chekechea za umma kila mahali. Marekani hadi leo haina sheria ya taifa inayompa mzazi likizo ya kulipwa; ile ya 1993 inatoa wiki 12 bila malipo, tena si kwa wote. Wachumi Francine Blau na Lawrence Kahn waligundua kuwa mwaka 1990 Marekani ilikuwa ya 6 kati ya nchi tajiri 22 kwa ushiriki wa wanawake katika kazi, na mwaka 2010 ilikuwa imeshuka hadi ya 17, na sera za familia zilieleza zaidi ya robo ya anguko hilo.

Upande wa kipato unahitaji uangalifu zaidi, kwani wastani huficha mengi. Mmarekani mwenye kazi hufanya kazi saa 1,800 hivi kwa mwaka, na Mdenmark chini ya 1,400. Ukigawa pato kwa saa, nchi hizo mbili hazipishani sana. Sehemu kubwa ya pengo la utajiri kati yao ni saa ambazo Mdenmark amechagua kuwa nyumbani. Mchumi Raj Chetty na wenzake walionyesha kwamba kati ya Wamarekani waliozaliwa 1940, karibu 9 kati ya 10 walikuja kupata kipato kikubwa kuliko cha wazazi wao. Kwa waliozaliwa miaka ya 1980 ni nusu tu, na sababu kubwa ni kwamba ukuaji umeelekea juu. Jaribio la wazi zaidi lilifanyika bila kukusudiwa. Mwaka 2021 Marekani iliongeza kwa muda ruzuku ya watoto na kuitoa hata kwa wazazi wasio na kipato. Umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachohesabu ruzuku na kodi, ukashuka hadi asilimia 5.2. Bunge halikuurefusha mpango, na mwaka uliofuata umaskini ukapanda hadi asilimia 12.4. Soko la ajira la 2022 lilikuwa na nguvu kuliko la 2021. Kwa hiyo haikuwa kazi iliyokosekana, bali mkono wa kumshika mtoto.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu linatoka Ujerumani, na ni zito. Mwaka 2009 uchumi wa Ujerumani ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 5, karibu mara mbili ya ule wa Marekani. Hata hivyo ukosefu wa ajira Ujerumani ulipanda kidogo tu, wakati Marekani ulikuwa umeruka kutoka asilimia 5 mwishoni mwa 2007 hadi 10 Oktoba 2009. Sababu mojawapo ni mpango wa kupunguza saa: kampuni haikuachisha watu, ilipunguza saa zao, na mfuko wa bima ukafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Mwezi Mei 2009 watu wapatao milioni 1.5 walikuwa katika mpango huo. Je, huko si kulinda viti? Ndiyo, kwa muda. Dhoruba ilikuwa ya kupita, mitambo ilikuwa mizima na wateja wangerudi, hivyo kuvunja uhusiano wa fundi na kiwanda kungekuwa hasara tupu. Ujerumani hiyo hiyo, kwa miaka mingi kabla ya hapo, ilikuwa imeacha ukosefu wa ajira wa kudumu ukue hadi watu zaidi ya milioni 5 mapema 2005, na ilibidi mageuzi machungu ya Kansela Gerhard Schröder yabadili mafao na huduma za ajira. Mageuzi hayo nayo yaliacha kundi la wenye mishahara duni, na mwaka 2015 ikaja sheria ya kima cha chini cha euro 8.50 kwa saa. Baadhi ya wachumi walitabiri kwamba mamia ya maelfu ya kazi yangepotea, hayakupotea. Kinachofundishwa na Ujerumani ni kupima aina ya dhoruba kabla ya kuchagua kinga.

Pingamizi la pili husema kodi kubwa huua ari ya kufanya kazi na kubuni. Sweden yenyewe inalipa pingamizi hili uzito. Mwaka 1976 mwandishi wa watoto Astrid Lindgren aligundua kwamba kodi na michango yake kwa sehemu ya juu ya kipato ilifika asilimia 102, akaandika hadithi ya kuidhihaki serikali, na mwaka huo chama kilichotawala kwa miaka 44 kikashindwa uchaguzi. Mapema miaka ya 1990 nchi ikaanguka kweli: pato lilishuka miaka mitatu mfululizo, benki kuu ikapandisha riba moja yake hadi asilimia 500 Septemba 1992 ikijaribu kuiokoa sarafu, na ikashindwa. Lakini angalia ilichofanya baadaye. Ilipunguza viwango vya juu vya kodi, ikaifanyia pensheni ukarabati ili michango na mafao vilingane, ikafuta kodi ya urithi na ya mali, na leo kodi ya faida ya kampuni ni asilimia 20.6, chini kidogo ya ile ya serikali kuu ya Marekani. Bima ya mtu iliachwa ikiwa nzima. Mzigo mkubwa hubebwa na tabaka la kati kupitia kodi ya mapato na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25. Wanaodhani dola ya ustawi hujengwa kwa kuwakamua matajiri peke yao hawajaona risiti ya dukani Stockholm. Na ubunifu haukukimbia: kampuni ya muziki ya Spotify ilizaliwa huko, ndani ya kodi hizo hizo, na mtu anayejua kwamba mwanawe atatibiwa biashara ikifa hana haja ya kuogopa kuianzisha.

Pingamizi la tatu ni kwamba nchi hizo ni ndogo, zenye watu wa asili moja, na mfumo wao hauwezi kubeba wageni. Hapa kuna ukweli ambao watetezi wa Nordiki hukwepa. Mwaka 2015 Sweden ilipokea maombi ya hifadhi 163,000 hivi, na pengo la ajira kati ya wazawa na waliotoka nje ni kubwa kuliko la Marekani. Mishahara ya kuanzia ni ya juu na kazi zisizohitaji lugha wala cheti ni chache. Hadi 2024, mkimbizi wa Kongo anayezungumza Kiswahili aliyepelekwa Marekani alipata msaada wa mapokezi wa siku 90 na kusukumwa aingie haraka katika kazi yoyote, iwe ghala au kiwanda cha nyama. Aliyepelekwa Sweden aliwekewa mpango wa miaka 2 wa lugha na maandalizi. Wa kwanza alipata mshahara mapema, na wengi walikaa miaka katika kazi hiyo hiyo ya chini. Wa pili alisubiri, na wengine walisubiri mno. Hoja yangu haidai kwamba Nordiki imelimaliza hili. Inasema tu kwamba tatizo lao liko kwenye kimo cha kiti cha kwanza, na linaweza kurekebishwa kwa ruzuku ya mishahara ya kuanzia na mafunzo kazini, bila kumnyang'anya mtu bima yake.

Pingamizi la nne ndilo linalotugusa sisi: kwamba ustawi ni anasa ya waliokwisha tajirika. Sweden ilipata utajiri wake wa kwanza ikiwa na serikali ndogo, na hadi mwaka 1950 kodi zake hazikuwa mbali na za Marekani. Ni kweli. Lakini pensheni yake iliyowahusu karibu wote ilipitishwa 1913, wakati bado ilikuwa nchi ambayo watu wake wengi walikuwa wamehamia Amerika kutafuta maisha. Kansela Bismarck alianzisha bima ya ugonjwa 1883 katika Ujerumani iliyokuwa inajenga viwanda, si iliyokwisha kuvijenga. Walianza na kidogo, na kidogo hicho kilimfuata mtu. Hapa Afrika Mashariki tulianza upande mwingine. Tanzania ilifikia kuwa na mashirika ya umma yapatayo 400, na ulinzi wa mfanyakazi ulikuwa ndani ya shirika: nyumba, zahanati, usafiri na uhakika wa kutoachishwa. Viwanda vya nguo kama Urafiki na Mwatex vilikuwa nchi ndogo ndani ya nchi. Kuanzia mapema miaka ya 1990, Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilipoyauza na kuyafunga, maelfu walipewa kiinua mgongo na kuaga. Hapakuwa na kitu kilichowafuata nje ya geti. Hatukuwa na dola ya ustawi iliyoshindwa. Tulikuwa na viti vilivyolindwa kwa gharama kubwa, kisha tukawa na soko.

Ndiyo maana naona mzozo wa fao la kujitoa, yaani haki ya kuchukua michango ya pensheni mtu anapoacha kazi, ni ushahidi usiosomwa vizuri. Sheria ya Tanzania ilipozuia mwaka 2012 mwanachama kuchukua michango yake ya pensheni kabla ya umri wa kustaafu, wafanyakazi walipinga vikali, hasa wa migodini. Wataalamu waliwaona kama watu wasiofikiria uzee. Kumbe walikuwa wanatumia akiba ya uzee kama bima ya kukosa kazi, kwa kuwa bima ya namna hiyo haikuwapo. Sheria ya 2018 ilileta fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi 6 kwa mwenye taaluma, na hiyo ni hatua ya kweli. Lakini inamgusa aliyekuwa na mwajiri wa kumchangia. Kenya, ambako zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya 10 wako nje ya ajira rasmi, tangu Oktoba 2024 inakata asilimia 2.75 ya kipato kwa bima ya afya ya jamii, na asiye na mshahara anatakiwa kuchangia si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kuzikusanya kwa dereva wa bodaboda au mama lishe ambaye kipato chake hubadilika kila jua likichomoza ndipo mpango huo utapatia au kushindwa.

Basi kwetu hoja ya kulinda mtu ina nguvu kuliko Denmark, kwa sababu wengi wetu hatuna kiti cha kulindwa. Sheria ya kazi iliyo kali kuliko zote duniani haimfikii machinga. Kinachomfikia ni kitu kilichofungwa kwenye jina lake: kadi ya matibabu isiyouliza mwajiri ni nani, ruzuku ya kaya kama ile ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, iliyofika kaya zaidi ya milioni moja Tanzania, fursa ya mafunzo isiyokoma akifika miaka 25. Wala si fedha iliyopotea. Jaribio lililofanywa Siaya nchini Kenya, ambako kaya zaidi ya 10,000 zilipewa dola 1,000 hivi kila moja, lilionyesha kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha takriban dola 2.5 katika uchumi wa vijiji hivyo, na bei karibu hazikupanda. Wauza duka, mafundi na vibarua wasiopewa senti walipata wateja. Serikali yenye kodi ndogo kama zetu haiwezi kutoa yote kwa pamoja, na hailazimiki. Inalazimika kuchagua mpangilio: shilingi ya kwanza iende kwa bima inayomfuata mtu popote aendapo, na ombi la kiwanda kinachokufa kutaka kuokolewa lisubiri foleni nyuma yake. Serikali zetu bado hufanya kinyume, zikiokoa mashirika mwaka baada ya mwaka na kuiacha bima ya wote isubiri bajeti ijayo.